Tayarisha makala yako kwa jarida la kiufundi: tuanze na michoro

Karibuni tena. Leo nina mswada hapa mezani na tutautengeneza pamoja mpaka uwe tayari kutumwa. Ni makala ya uhandisi: sehemu ya saruji kwenye zege imebadilishwa kwa majivu ya pumba za mpunga, kisha vipande vya mchemraba vyenye upande wa milimita 150 vikapimwa nguvu kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28. Kazi ya maabara imekwisha. Iliyobaki ni ya mezani, na hapa ndipo makala nyingi nzuri hukwama, kwa sababu mhariri huzirudisha hata kabla wapitiaji, yaani wataalamu wanaoitathmini makala kwa niaba ya jarida, hawajaziona.

Chagua jarida kabla hujagusa mswada. Fungua matoleo yake ya karibuni, tafuta makala tatu zinazofanana na yako. Usipozipata, tafuta jarida jingine. Na likikuandikia lenyewe kukusifu, likaahidi kukuchapisha ndani ya siku chache ukishalipa, achana nalo. Kutoza ada si kosa, maana majarida huria mengi ya heshima, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, hutoza, lakini ada iwe imeandikwa wazi tangu mwanzo. Tazama kama limo DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza mwaka 2003. Kwa majarida ya Afrika, pitia AJOL, tovuti inayoyakusanya mahali pamoja.

Ukishachagua, pakua mwongozo kwa waandishi na uuchapishe. Mimi hupigia mstari mambo manne: ukomo wa maneno ya ikisiri (muhtasari wa mwanzo wa makala), kiolezo, mtindo wa marejeo, na kama majina ya waandishi yanafichwa kwa wapitiaji.

Sasa michoro. Nawaomba tukae hapa kidogo, maana mpitiaji akishasoma kichwa na ikisiri, mara nyingi hurukia michoro kabla ya kitu kingine chochote.

Tazama grafu hii kwenye skrini. Ina upana wa sentimita 18 na maandishi ya pointi 10, inapendeza. Lakini jarida la safu mbili litaipa nafasi ya sentimita 9 hivi. Ikipunguzwa nusu, maandishi nayo yanabaki pointi 5. Naichapisha kwa ukubwa huo, naishika umbali wa mkono. Mnaona? Namba za mhimili hazisomeki, na alama ya siku 7 imegandana na ya siku 28. Kwa hiyo rudi kwenye programu ya kuchorea, weka upana wa sentimita 9 tangu mwanzo, kisha chagua maandishi ya pointi 8. Mstari mmoja ufanye mzito, mwingine wa vipande. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake, wapo wasomaji wasiozitofautisha.

Hifadhi grafu kama PDF au EPS, ambazo hazipotezi ukali hata zikikuzwa. Picha ya kamera, kama hii ya zege lililopasuka, iwe na angalau nukta 300 kwa inchi. Kwa sentimita 9 hiyo ni kama pikseli 1,060 za upana. Na usipige picha ya skrini! Niliwahi kufanya hivyo, makala ikarudi baada ya wiki sita na sentensi moja: michoro haisomeki. Faili la awali nilikuwa nimeshalifuta, ikabidi nichore upya kila kitu kutoka kwenye daftari la maabara. Tunza mafaili ya asili.

Jedwali tutalipitia haraka. Hapa pameandikwa 31.4286. Hiyo ni wastani wa vipande vitatu tu, na mashine yenyewe haina uhakika wa kiasi hicho. Andika 31.4, weka mkengeuko wake (kiasi ambacho vipimo vinatofautiana na wastani) pembeni, na kizio, megapaskali, kikae kwenye kichwa cha safu.

Ikisiri iandike mwisho. "Matokeo yalikuwa mazuri" haimwambii msomaji lolote. Mpe asilimia ya majivu, umri wa zege na nguvu iliyopatikana.

Kwenye marejeo, bofya kila DOI, namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, uone inakupeleka kwenye makala uliyoitaja. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndivyo utakavyogundua kama makala uliyoitegemea imeshaondolewa na jarida lake.

Kama majina yanafichwa, ondoa sehemu ya shukrani, futa jina lako kwenye sifa za faili, na badilisha "kama tulivyoonyesha awali" ili isikutaje. Kisha wapelekee waandishi wenzako toleo hili la mwisho, kila mmoja akubali kwa maandishi, pamoja na mpangilio wa majina. Ugomvi wa majina baada ya kutuma ni mgumu kuusuluhisha.

Fungua mfumo wa jarida, jaza namba yako ya ORCID, inayomtambulisha kila mtafiti, yenye tarakimu 16, pandisha mafaili na barua fupi kwa mhariri. Jarida moja tu kwa wakati mmoja.

Mfumo utakutengenezea PDF. Usiidhinishe bado. Ifungue ukurasa kwa ukurasa, angalia kama alama ya mikro (µ) haijageuka kisanduku na mchoro wa 3 haujakaa mahali pa mchoro wa 2. Vyote vikiwa sawa, bonyeza idhinisha, kisha nakili namba ya mswada itakayokuja kwa barua pepe. Utaitaja kila utakapomwandikia mhariri.