Vinofu vya Kidari cha Kuku: Viive Salama, Visikauke

Karibuni jikoni. Leo tunakaanga vinofu vya kidari, ile minofu midogo iliyojificha chini ya kidari cha kuku, mmoja kila upande. Ukivikosa buchani, nunua kidari kisicho na mfupa, ukikate vipande virefu vyenye unene wa kidole. Unene ulingane, maana chembamba kitakauka kabla kinene hakijaiva.

Kuku aliyeganda myeyushe kwenye friji tangu usiku, si juu ya meza. Na tafadhali, usimwoshe. Najua wengi tumelelewa tukimwosha kwa ndimu, lakini maji yakiruka yanasambaza vimelea kama salmonela kwenye sinki, vyombo, hata kachumbari iliyo pembeni. Kinachoviua ni moto. Panguse nyama kwa karatasi ya jikoni, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Tazama hapa kwa karibu. Unauona huu mshipa mweupe unaochomoza? Ukiubakiza, utakuwa mgumu mdomoni. Upitishe katikati ya meno ya uma, shika ncha yake kwa karatasi usiteleze, kandamiza uma, halafu vuta. Umeona? Umetoka mzima, nyama imebaki.

Kwa nusu kilo, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nusu kikombe cha mtindi, kitunguu saumu kilichotwangwa na pilipili manga. Changanya, weka kwenye friji nusu saa. Usiiruke hatua hii: chumvi ikiingia ndani, nyama inashika maji yake hata ikipata moto.

Vigaragaze kwenye unga wa ngano, vikung'ute. Bandika mafuta. Chovya ncha ya mwiko wa mbao. Ukiona mapovu yanauzunguka mfululizo, mafuta tayari. Weka vichache vichache, ukijaza karai mafuta yanapoa. Baada ya dakika kama tatu, geuza.

Sasa tulia, hapa ndipo kuku wengi wanapoharibikia. Kwa kuhofia ubichi, mtu anaviacha motoni mpaka vinakakamaa. Chukua kipimajoto cha nyama, kichomeke ubavuni hadi katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Kikisoma nyuzijoto 74, ni salama, epua hapo hapo. Ukiendelea kukaanga unakamua maji tu. Huna kipimajoto? Kata kile kinene: nyama isiwe na uwaridi, majimaji yawe maangavu. Lakini nakusihi ukitafute, kwa sababu nyama huweza kuwa nyeupe kabla joto halijatosha.

Vipange juu ya waya, dakika tatu, bila kufunika. Mvuke hulainisha ganda. Sahani iliyobeba nyama mbichi isirudi mezani kabla ya kuoshwa. Na ule mtindi uliobaki bakulini umwage, usiufanye sosi. Ukitaka sosi, chota mtindi mpya, kamulia ndimu, tia chumvi kidogo na pilipili mbuzi.