Upepo Unainyanyua Kenchi kwa Kilo Ngapi? Tupige Hesabu

Habari zenu ndugu zangu. Kabla ya kalamu na kikokotoo, tazameni huu msumari wa inchi nne. Niliuokota chini ya mwembe, asubuhi baada ya upepo kuezua paa la jirani. Haukukatika, haukupinda, umenyooka kama umetoka dukani leo. Yaani umechomoka tu, kama kijiti kwenye matope. Fundi alifikiria uzito unaoshuka, nguvu inayopanda akaisahau. Leo tunaihesabu hiyo.

Nyumba yetu ya mfano: ukuta hadi ukuta mita 6, paa limetokeza sentimita 60 kila upande, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zimepangwa kila mita 1.2, mteremko mdogo, bati la kawaida.

Tuanze na kasi. Tumia ile ya kubuni iliyo kwenye kanuni za ujenzi, siyo upepo wa juzi. Mimi nachukua mita 40 kwa sekunde, sawa na kilomita 144 kwa saa. Izidishe kwa yenyewe, halafu kwa 0.613. Inakuja 981, nyutoni (kipimo cha nguvu) kwa kila mita mraba: huo ndio msukumo wa upepo. Na kwa kuwa kasi inajizidisha yenyewe, upepo ukienda mbio maradufu, nguvu inapanda mara nne.

Sasa kizidishio. Upepo ukipita juu ya paa unalinyonya. Sehemu ya katikati nachukua 0.9. Ndani nako hewa inasukuma juu: naongeza 0.3 kwa nyumba iliyofungwa. Mlango mkubwa upande wa upepo ukivunjika, hiyo 0.3 inaweza kufika 0.6 au kupita. Kwetu jumla ni 1.2. Mara 981, tunapata 1,177. Zidisha kwa 1.5 ya usalama: 1,766.

Toa uzito wa paa. Bati, papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi nakadiria kilo 15 kwa mita mraba, nyutoni 150. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wanauzidisha nao kwa 1.5 kwa mazoea ya hesabu za zege. Hapana! Uzito huu ndio unaotusaidia, kwa hiyo usiutegemee wote. Chukua tisa ya kumi, yaani 135. Inabaki 1,631.

Kenchi moja inabeba eneo gani? Pima kama unapima sakafu, usifuate mteremko: 7.2 mara 1.2, mita mraba 8.64. Zidisha, unapata nyutoni 14,092. Kenchi ina miguu miwili, kila mguu 7,046. Gawa kwa 10 upate kilo: 700 na ushee. Mifuko 14 ya saruji, inavuta kwenda juu, na wewe umeishika kwa misumari miwili.

Pembezoni na kwenye kona mnyonyo ni mkali zaidi, unaweza kufika mara mbili ya katikati. Ndiyo maana bati la kwanza kuondoka huwa la ukingoni. Huko sogeza papi zikaribiane. Halafu kagua mbao ya chini ya kenchi: siku za kawaida inavutwa, lakini upepo ukinyanyua paa inageuka kubanwa, na mbao ndefu nyembamba ikibanwa hupinda pembeni. Ifunge kwa mbao za kukingama.

Haya, sogeza kamera hapa kwenye linta, huu mkanda wa zege juu ya ukuta. Nondo ya milimita 8 imekunjwa, inazunguka juu ya kenchi na kurudi chini. Kwa kilo 700 inatosha. Ila usiishie hapo. Kipande cha linta kilicho chini ya kenchi moja, sentimita 15 kwa 20, urefu mita 1.2, kina kilo 86 tu. Kikiachwa peke yake, kitanyanyuka na paa lake. Kwa hiyo hii nondo mnayoiona nimeishusha ndani ya matofali hadi kwenye mkanda wa zege wa chini, na matundu ya matofali hayo nimeyajaza zege kabla ya kupanga tofali linalofuata.