Milima Iliyoizaa Barafu ya Antaktika

Ndugu zangu, hili nimelisema hadi mate yamenikauka, na leo nalirudia: ukitaka kuijua barafu, uliza kwanza jiwe lililoibeba.

Mwaka 1958 msafara wa Wasovyeti ulikuwa ukikatiza Antaktika ya Mashariki. Weupe mtupu, tambarare, jicho halina pa kutua. Wakapima mitetemo inayorudi kutoka chini ya barafu, na majibu yakawaduwaza. Kulikuwa na milima! Safu nzima, vilele vyake vinakaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na hakuna hata jiwe moja linalochungulia nje. Ndiyo milima ya Gamburtsev. Nusu karne baadaye, 2008 na 2009, ndege zenye rada zikapita juu yake zikaonyesha vilele vilivyochongoka na mabonde ya kina, mfano wa Alpi. Mito ya barafu ya mwanzo ndiyo iliyoyachimba mabonde hayo. Kisha barafu ikajaa, ikapanda, ikaizika milima iliyoizaa.

Najua kuna anayenong'ona hapo nyuma: "Mwalimu, kwani pale si nchani mwa dunia? Baridi ipo tu." Hapana! Antaktika ilikaa nchani makumi ya mamilioni ya miaka ikiwa na misitu. Ganda kuu la barafu lilianza miaka milioni 34 hivi iliyopita, hewa ukaa, ile inayoshika joto la dunia, ilipopungua. Sasa niambieni, theluji ilianza kudumu wapi kiangazi? Juu. Ukipanda kilomita moja, joto hushuka nyuzi sita hivi; Kilimanjaro ina barafu, na ikweta iko jirani. Mlima hukubali barafu wakati bonde bado linakataa. Halafu barafu ikinenepa, uso wake nao unapanda kwenye baridi zaidi, inajiinua yenyewe. Hapo ndipo wengi hawataki kunielewa!

Muda unanibana. Milima ya Transantaktika, safu ya kilomita 3,500 hivi inayotenga mashariki na magharibi ya bara hilo, ni boma: barafu ya mashariki hupenya kwenye mapengo tu, kama inavyofanya mito ya barafu ya Byrd na Beardmore. Na upande wa magharibi, kwenye Bahari ya Amundsen, ardhi iliyopunguziwa mzigo wa barafu inainuka milimita 41 kwa mwaka. Huko ni kuinuka kwa namna nyingine, kunastahili siku yake.

Haya, aliyenong'ona asimame, aulize kwa sauti.