Kura Mbili za New Hampshire

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wasikilizaji,

Novemba 1974 wananchi wa New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, walipiga kura kumpata seneta wa kumrithi Norris Cotton aliyekuwa akistaafu. Louis Wyman wa Republican akatangazwa mshindi kwa kura 355. Mpinzani wake, John Durkin wa Democratic, akadai zihesabiwe upya. Zikahesabiwa: Durkin mbele kwa kura 10. Wyman naye akaenda kwenye tume ya jimbo, ikamtoa yeye mbele kwa kura 2. Narudia, mbili, kati ya kura zaidi ya 220,000!

Watu hukimbilia kuuliza nani aliiba. Mimi naomba tuitazame karatasi yenyewe. Mpiga kura aliruhusiwa kutia alama moja juu ya safu ya chama, na wagombea wote wa chama hicho wakahesabiwa kura yake. Sasa wako waliotia alama hiyo kwa Republican, kisha wakashuka wakaweka alama kwa wagombea wa chama mmoja mmoja, Wyman wakamruka. Utamhesabia au humhesabii? Alama ya juu inampa, nafasi tupu inamnyima. Aliyefanya hivyo si mbumbumbu. Nadhani alijua vizuri sana anamkataa nani. Lakini nani athubutu kuapa kwa niaba yake?

Katiba ya Marekani inaipa Seneti mamlaka ya kuamua uchaguzi wa wajumbe wake, kwa hiyo ugomvi ukahamia Washington. Democratic walikuwa wengi, ila kufunga mjadala ili suala lenyewe lipigiwe kura kulihitaji kura 60 za maseneta, na hazikupatikana. Miezi ikapita, New Hampshire ikiwa na seneta mmoja badala ya wawili.

Wyman alikuwa ameomba uchaguzi urudiwe. Durkin alipinga kwa muda mrefu, mwishowe akakubali. Namheshimu kwa hilo, maana chama chake ndicho kilichokuwa na wingi wa viti. Seneti ikatangaza kiti kiko wazi kuanzia tarehe 8 Agosti 1975.

Septemba 16 wananchi wakarudi vituoni kwa ajili ya kiti hicho kimoja tu, na wakajitokeza wengi kuliko Novemba, zaidi ya 260,000. Durkin alishinda kwa kura zaidi ya 27,000, na safari hii hakuna aliyedai zihesabiwe tena.