Fulu Sebuleni: Mazungumzo ya Kisumu Kuhusu Tangi la Siklidi

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja na jua hili la saa nane. Leo tunazungumzia kufuga siklidi nyumbani, ile jamii ya samaki yenye mbuna wa Ziwa Malawi na fulu wetu wa hapa Ziwa Victoria. Kabla sijaanza, ile ndoo ya kijani iliyofunikwa leso pale mezani tafadhali asiifunue mtu. Nitaifunua mwenyewe mwishoni. Na mliokaa karibu nayo, msigongegonge meza.

Nianze na aibu yangu. Tangi langu la kwanza nililinunua Jumamosi asubuhi, hapa hapa mjini, na kufikia jioni ya siku hiyo tayari lilikuwa na mbuna 11. Muuzaji aliniambia, "Jaza maji, tia matone haya, mzee, watakuwa sawa tu." Jumatano walikuwa wanatwetea juu ya maji, matamvua yamewaiva kwa wekundu. Ijumaa walibaki 2. Mke wangu akaniuliza kama tunawakaanga au tunawazika.

Nilimlaumu muuzaji kwa miezi. Siku hizi namlaumu nusu. Nusu nyingine ni yangu, kwa sababu sikuuliza maji yanafanya nini ndani ya kile kioo.

Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Ziwani inapotea katika maji mengi. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Hao bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye filta na mawe. Mimi niliwapa saa 6. Halafu kuna jambo ambalo watu wa siklidi hawana budi kulijua: kadiri maji yanavyokuwa ya magadi zaidi, ndivyo amonia inavyozidi ukali. Na siklidi wa maziwa yetu makubwa hupenda maji ya namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo tangi likae tupu kwanza. Washa filta, tia chembe za chakula cha samaki kila siku kana kwamba kuna mtu anakula, na upime maji. Amonia na nitriti zikifika sifuri, na chakula bado unatia, hapo nenda kanunue samaki. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa, mwombe kipande cha sifongo cha filta yake, chafu hivyo hivyo. Utaokoa wiki kadhaa.

Tangi lenyewe: msianze na dogo. Najua dogo ni rahisi, lakini siklidi ni wagomvi, na maji machache huharibika upesi. Mimi nashauri la sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Hilo ni lita 243, na lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ukiongeza vioo, mawe na mchanga unapita kilo 300. Usiliweke juu ya kabati la televisheni. Fundi wa jua kali akuchomelee meza ya chuma, na chini ya tangi utandike sponji nyembamba. Mkikubaliana na fundi wa vioo, mwambie mapema ni la kuweka maji, akate kioo kinene na atumie silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu. Kisha lijaze na uliache wiki moja nje kabla hujaliingiza ndani. La kwangu la pili lilivuja kona. Heri livuje uani.

Sasa, samaki gani? Hapa ndipo ninapokosana na wenzangu wengi.

Mtu akisema siklidi, kwenye simu anaona mbuna wa Ziwa Malawi, bluu na manjano. Ni wazuri, sikatai. Lakini maji ya bomba ya Kisumu mengi hutoka ziwani kwetu na mtoni kule Kajulu, na ni laini. Malawi maji yao yana chokaa zaidi, na Tanganyika ndiyo yamezidi kabisa, pH, yaani kipimo cha magadi ya maji, hukaribia 9. Ukitaka mbuna hapa utaongeza mawe ya chokaa, utapima, utarekebisha kila unapobadilisha maji. Ukifuga fulu, wa ziwa hili hili, kazi yako ni kuondoa klorini tu. Maji yakae wazi ndani ya ndoo siku nzima, au utumie dawa ya kuondoa klorini. Hali kadhalika joto: nyumba nyingi za Kisumu maji hukaa kati ya nyuzi 24 na 27 bila hita. Wa Nakuru, poleni. Nyinyi nunueni hita.

Wengine mnacheka. Najua, fulu kwetu ni samaki wa kukausha juani, wa mtu ambaye hakupata ngege, yaani perege. Lakini ziwa hili lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za fulu. Mbuta, yaani sangara, yule mkubwa anayekula samaki wenzake, alipandwa miaka ya 1950, akaongezeka ghafla miaka ya 1980, na wanasayansi walikadiria kwamba spishi kama 200 zilitoweka. Kuna fulu ambao leo watu wa Ulaya na Marekani wanawatunza kwenye matangi, na sisi tunaoishi ufukweni hatujui hata rangi zao.

Mmoja anaitwa Pundamilia nyererei. Mmesikia vizuri: punda milia, na Mwalimu. Dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi. Jike ni wa kijivu tu. Ana ndugu yake, Pundamilia pundamilia, dume wake wa bluu. Majike huwatambua madume wao kwa rangi. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliochapishwa 1997, ulionyesha kwamba chini ya mwanga unaoficha rangi hizo, majike hawakuchagua tena. Ndiyo sababu ziwa likichafuka, spishi huchanganyika bila mbuta kuwala.

Kwenye tangi maana yake ni hii: usiweke aina mbili za fulu wanaofanana. Majike hawatofautiani machoni kwako, na baada ya mwaka utakuwa na machotara wasio na jina. Aina moja, dume 1 kwa majike 4 au 5, taa nyeupe. Mawe yapangwe kama mapango, na yakae juu ya sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga, kwa maana fulu huchimba, na jiwe likiporomoka linavunja kioo. Na wanunueni waliozaliwa kwenye matangi; kuvua ziwani kunataka leseni.

Stima ikipotea? Hapa itapotea. Weka pampu ya hewa ya betri. Filta ikizima kwa saa nyingi wale bakteria wanakosa hewa na kufa, ukarudi pale pale Jumamosi yangu ya kwanza.

Na ukichoka na samaki wako, usiwamwage ziwani wala mto Kibos. Gugumaji mnaloliona pale ghubani nalo liliwahi kuwa pambo la mtu.

Mama pale nyuma aliuliza kuhusu omena, yaani dagaa. Ndiyo, fulu wa namna hii atakula omena aliyeoshwa mchanga na kusagwa, mara moja kwa wiki, kiasi cha kumalizika kwa dakika 2. Mbuna mla mwani usimpe, tumbo litamvimba. Huyo mpe chakula cha spirulina, yaani mwani mdogo, chakula kile kile heroe wa Ziwa Nakuru wanachofuata.

Haya, leteni ndoo. Wawili wawili, watoto mbele. Jike hubeba mayai mdomoni karibu wiki 3, hali kitu, kidevu kimejaa kama amemeza gololi. Huyu aliwatema wanawe Jumanne usiku. Jana niliwahesabu 23, leo naona 22. Wote bado ni wa kijivu. Mtoto, usitie kidole.