Dume mjanja wa kinamasi, utamngojea wapi?

Asalaam aleikum, hamjambo nyote, ahsanteni kwa kujaa hivi na joto lote hili. Niliombwa nije hapa Tononoka nizungumze na nyinyi watu wa kamera juu ya kule Wisconsin, Marekani, nilikoishi na kuwinda kwa leseni, na swali mliloniletea ni moja tu: ukishajua dume mkubwa wa kulungu amejificha kwenye kinamasi, wewe wakaa wapi umngoje? Sheria kwanza, sitaki mtu atoke hapa na fikra mbaya. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwetu sisi ni lenzi bas. Lakini kumkaribia mnyama mwoga ni elimu ile ile, na tena mpiga picha ahitaji zaidi kwa sababu yeye ataka mnyama atulie, ataka mwanga, ataka na uso.

Mnyama mwenyewe ni kulungu wa mkia mweupe. Pembe ni za dume, na kila mwaka zaanguka majira ya baridi kisha zaota upya. Mwezi wa Novemba, wakati wa siku 9 za kuwinda kwa bunduki, misitu ya Wisconsin yajaa watu wamevaa rangi ya chungwa (sheria yawalazimisha, wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe, na kulungu haoni vizuri rangi hiyo), na dume aliyeishi miaka kadhaa ashajua mambo hayo, hakimbii mbali, aingia tu pale ambapo mtu hataki kulowa. Matete marefu kupita kichwa, maji ya magotini, matope yanayovua kiatu. Mle ndani alala mchana kutwa.

Sasa watu wengi wakiangalia kinamasi waona uwanja mmoja wa matete na wakata tamaa. Mimi nawaambia sehemu anazoweza kulala mle ni chache sana, kwa sababu hawezi kulala majini. Ataka pakavu, hata kama pameinuka kiganja kimoja tu juu ya maji. Kwa hivyo fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, tafuta mti mmoja uliosimama peke yake katikati ya matete, au kichaka, au ulimi wa nchi kavu ulioingia kinamasini, au ule mpaka ambapo matete yaisha na vichaka vyaanza. Hapo ndo penye vitanda. Kisha wenda kwa miguu kuhakikisha, na wakati mzuri ni theluji ikishayeyuka, mwezi wa tatu hivi, alama za msimu uliopita bado zipo na ukimshtua ana miezi mingi ya kusahau.

Kitanda chenyewe ni majani yamelaliwa umbo la yai, ukiinama utaona na nywele zimebaki. Vitanda vidogo vidogo vimekaa pamoja, hao ni majike na watoto wao. Kitanda kimoja kikubwa, kimejitenga, kimezidi mita 1, mgongo kwenye kichaka, hapo simama usome vizuri. Angalia miti midogo iliyo karibu, dume husugua pembe mpaka gamba linatoka, na jeraha la mti kwa kawaida laelekea upande aliokuja yeye. Ikiwa jeraha latazama kitandani basi alisugua akitoka, yaani hiyo ni njia yake ya jioni. Hiyo alama moja ina faida kwangu kuliko picha mia za kamera ya kutegesha.

Lakini kitanda si pa kukaa wewe, na hapa ndo nataka mnisikize sana. Wanaoanza wote huuliza upepo uko wapi, kisha wakaa mahali ambapo upepo ni wao mia kwa mia, wavuma usoni, wafurahi. Haya, dume naye je? Yeye kitanda alikichagua kwa upepo, pua yapokea habari za upande asiouona, macho na masikio yalinda upande wa pili. Na akiinuka jioni kwenda kula hatoki ovyo, apenda kupita akiwa na upepo wa kumpa habari ya anakokwenda. Siku ambayo upepo ni wako kabisa mara nyingi siyo siku yake ya kulala pale, au atatokea upande mwingine, na wewe utakaa mpaka giza ukisikiliza vyura. Pa kukaa ni pale ambapo upepo karibu umsaidie yeye lakini haujafika, harufu yako yapita kando ya njia yake kwa hatua chache. Yeye aona yuko salama, ndo atembea. Ni jambo la kutia hofu, najua, manake upepo ukigeuka kidogo tu umemkosa, lakini dume mzee hakupi nafasi nyingine isipokuwa hiyo nyembamba.

Na upepo wa ramani ya hali ya hewa si upepo wa pale chini. Nyinyi watu wa pwani hili halihitaji maneno mengi, wavuvi hapa wajua wa alfajiri watoka bara na wa alasiri watoka baharini, joto na baridi ndo vyausukuma. Kinamasini jua likishuka ardhi yapoa, hewa nzito yateremka polepole kuelekea palipo chini, na palipo chini ni kwenye matete alimolala yeye. Saa kumi harufu yako yapanda juu, saa kumi na mbili yamwendea miguuni. Mimi mfukoni sikosi pamba ya msufi, ile ya kujazia mito. Nang'oa nyuzi kidogo, naachilia, naangalia. Zaenda mbele, zasimama, kisha ghafla zageuka nyuma ya bega langu, hapo najua nimekaa pabaya na nahama kabla sijamharibia. Unga au majivu pia hufaa lakini waona mita chache tu, sufi waifuata kwa macho mpaka mbali.

Jambo la pili ni njia ya kuingilia. Nimeona watu wenye macho makali na vifaa vya pesa nyingi wachagua mti mzuri kabisa wa kupanda na kungojea, halafu kuufikia lazima wavuke maji, chubwi chubwi, na dume yuko mita 100 tu. Sauti ya maji kinamasini yafika mbali. Mimi mahali nisipoweza kufika kimya napafuta, hata pawe pazuri vipi. Afadhali uzunguke nusu saa zaidi kwa ukingo wa nchi kavu, au uingie na mtumbwi, au ungoje siku ya upepo mkali matete yakipiga kelele yenyewe. Na lazima uwe karibu, manake dume mzee huinuka jua likikaribia kuzama, ajinyoosha, anusa, atembea kidogo, asimama tena. Ukikaa ukingoni mwa shamba la mahindi anakokwenda kula atafika giza lishaingia. Karibu na kitanda, lakini si karibu mpaka akusikie ukipanda.

Sasa nyinyi mtafanyia wapi haya? Kwetu mfalme wa kinamasi ni nzohe, yule swala wa kinamasini aitwaye pia sitatunga, na pa kumtafuta ni Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ndogo sana, kama kilomita 3 za mraba, iliyotengwa 1974 kwa ajili yake. Kwato zake ni ndefu zimetanuka ndo maana hazami topeni, alala juu ya matete aliyoyakanyaga mwenyewe, na akishtuka aweza kujizamisha akabakisha pua tu. Kule msiingie kwenye matete hata kidogo, mna njia za mbao na majukwaa ya kutazamia, kwa hivyo kuchagua kwenu ni jukwaa gani na saa gani.

Dada hapa mbele auliza alfajiri au jioni. Kwa Saiwa mimi nasema alfajiri, kwa sababu jioni saa zake nzuri zaangukia wakati mwatakiwa kutoka hifadhini. Mwambieni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, tangu jana yake kwamba mwataka kuwa langoni mapema, chagueni jukwaa ambalo njia yake haipiti kwenye upepo wa kuelekea matete, pandeni kabla jua halijatoka vizuri, mkae. Simu zima kabisa, hata mtetemo, mbao zile zaupitisha. Na jua likianza kupasha hewa itapanda, harufu yenu itaondoka juu, hapo ndo mna kama saa moja nzuri, msiimalize kwa kunong'onezana.