Ugomvi wa Wanandoa Kwenye Shamba la Ngano: Hadithi Mbili za Sinclair Ross

Haya tuanze jamani, mliosimama nyuma viti vipo huku mbele, njooni tu.

Leo naongelea hadithi mbili fupi za Mkanada, Sinclair Ross: The Lamp at Noon ya 1938 na The Painted Door ya 1939. Zote ni za wakulima wa nyanda za magharibi mwa Kanada, enzi zile za ukame na madeni. Wengi wakizisoma wanasema aah, mke mlalamishi, mume king'ang'anizi, basi. Mi nakataa. Ule ugomvi wapima ardhi walishaupanda kabla hao watu hawajaoana.

Sikilizeni. Mwaka 1872 Kanada ilitunga sheria ya kugawa ardhi: unalipa dola 10, unapewa eka 160, ila lazima ujenge na ukae kwenye eka zako mwenyewe na ulime, baada ya miaka kadhaa ndo unapata hati. Eka 160 ni nusu maili kwa nusu maili, na vipande vingi vya katikati vilitengewa kampuni ya reli, kwa hiyo hapakuwa na kijiji, kila familia na kibanda chake peke yake huko, na ukichungulia dirishani unaona ngano, zaidi ya ngano ni ngano. Halafu mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuomba ardhi hiyo kwa jina lake. Hapo ndo patamu. Anaishi juu ya ardhi, anaifanyia kazi, ila neno lake halina karatasi.

Sasa mwingizeni humo Ellen wa hadithi ya kwanza. Dhoruba ya vumbi siku ya tatu, mchana kweupe kawasha taa, ameandaa meza haijapita dakika kumi vyombo vishapata utando wa vumbi, kitanda cha mtoto kafunika kwa kitambaa chepesi ili apumue. Mumewe Paul anaingia kula na wanaanza tena palepale: twende mjini, duka la baba lipo, utapata kazi. Paul hataki. Wanaume humu mnalijua suala la kuhamia kwa wakwe, msijifanye hamjui! Ila watu wanachoruka ni kwamba Ellen hadai mji tu. Alikuwa mwalimu huyu, anamwambia mumewe kitaalamu kabisa kwamba umelima ngano kila mwaka, umeichimbua ardhi mpaka haina hata mzizi wa kuishika, ndo maana inapeperuka. Yupo sahihi! Na Paul hoja hiyo anaielewa, ila kuikubali ni kukubali kwamba miaka yote ile ameharibu mwenyewe, kwa hiyo anatoka kwenda zizini. Kwetu hapo angetokea shangazi, au jirani angepiga hodi, hivi humo ndani kuna nini? Kwa Ellen mlango unagongwa na upepo tu. Anambeba mtoto anakimbilia kwenye dhoruba, na Paul anapompata mtoto keshakufa mikononi mwa mama yake.

Ile ya pili ni baridi badala ya vumbi. John anatembea maili tano kwenye theluji kwenda kumwangalia baba yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba jirani, Steven, aje jioni wacheze karata ili Ann, mke wa John, asikae mpweke. Ni mume mwema John, anajiua na kazi ili alipe deni la shamba, amnunulie Ann nguo nzuri, wakati Ann alichokuwa anataka ni mtu wa kuongea naye. Anashinda anapaka rangi milango ili mradi siku iishe. Nawaharibia mwisho, samahani: usiku ule Ann analala na Steven, na John anakutwa ameganda kwenye uzio, kiganjani ana alama ya rangi nyeupe. Yaani alifika nyumbani. Aliona. Akageuka akarudi kwenye dhoruba bila kusema neno, mwanaume ambaye hata siku za kawaida maneno yalikuwa yanamshinda.

Na Ross huyu, kwa taarifa yenu, alikuwa mfanyakazi wa benki zaidi ya miaka 40. Deni la shamba hakulisoma kitabuni.

Ila namdai kitu kimoja. Wake wa wakulima kule walifuga kuku, walikamua, waliuza mayai na siagi, na miaka ile mibaya hela hiyo ndo ilileta sukari na chai mezani. Kwenye hadithi hizi mbili hiyo haina uzito wowote, wanawake wake ni wa kusubiri tu karibu na jiko. Kwangu hilo ni pengo kubwa, maana mke mwenye hela yake ya mayai anagombana kivingine kabisa.

Haya, nani anamtetea Paul? Wewe mwenye shati la bluu, nimekuona unatikisa kichwa toka mwanzo, shika maiki.